Glavu Iliyobaki Garini

Wapendwa, twendeni Marekani kidogo, nauli juu yangu.

Huko alikuwako mama mmoja ambaye marehemu baba yake alirusha ndege za jeshi zamani sana, zikiwa bado za mbao na kitambaa, rubani ameketi kwenye upepo kama mtu aliyepanda punda. Mzee aliacha sanduku la vitu vyake, na wajukuu walishaanza kuuliza litatupwa lini. Mama akasikia kuna jumba la makumbusho linalopokea vitu kama hivyo. Akaona hapo ndipo jina la baba litakapopona.

Basi akafanya usafi. Skafu iliyojaa mafuta ya injini akaifua ikang'aa. Koti la ngozi akalisugua kwa sabuni. Glavu moja tu ikamshinda: kidole chake kilikuwa kimetafunwa. Baba mwenyewe alimwambia kwamba aliitafuna angani, kwa hofu. Mama akasema moyoni, hii ni aibu ya nyumbani. Alipofika makumbusho, akaiacha garini.

Mtunzaji wa makumbusho akaigeuza skafu, akainusa.

"Mama, umeifua?"

"Sasa ningemleta baba mchafu mbele ya watu?"

Mtunzaji akamweleza polepole kwamba yale mafuta ndiyo yaliyokuwa safari zenyewe; skafu safi hata dukani ipo. Mama akajiona amemzika baba mara ya pili.

"Hakuna kilichosalimika?"

"Ipo glavu. Lakini mwanangu, ile inamsema baba vibaya."

Akaileta. Mtunzaji akatazama alama za meno, akaenda kunawa, akavaa glavu zake nyeupe, ndipo akaipokea ile chafu kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga.

"Meno haya si ya siku moja, mama. Aliogopa, akarudi tena. Wasioogopa ninao kabati zima, kwenye picha. Huyu sikuwa naye."

Na sisi je? Mtu akifa tunamsomea wasifu uliofuliwa na kupigwa pasi. Mimi wangu nimeshauandika, nchi zote nilizofika zimo. Halimo neno kwamba ndege ikitikisika mimi hung'ang'ania kiti cha mbele mpaka aliyekikalia anageuka kuuliza kulikoni. Watoto wetu wakishikwa na hofu, watamwona nani aliyewahi kuogopa kabla yao?

Nawe uliyejifua wiki nzima ndipo uje mbele za Mungu, skafu yako tumeiona, inang'aa. Yeye amekwisha kunawa mikono. Anangoja kile ulichokiacha garini.