Kiganja Juu ya Boneti

Ndugu zangu, nani hapa amewahi kupenda gari mpaka akalisimulia mezani kama anasimulia mchumba? Msicheke, mpo!

Alikuwapo mkunga mmoja mstaafu wa huku kwetu mlimani, Mama Ndeshi. Serikali ilimstaafisha, wajawazito wakakataa. Uchungu ukimshika mtu, bado anaitwa yeye. Shida ni goti lake la kushoto. Lilikuwa limegoma kukunjwa, na klachi haikanyagiki kwa goti la namna hiyo. Daktari akamwambia, "Mama, kama ni lazima uendeshe, tafuta gari la otomatiki."

Moyo ukamruka! Tangu usichana wake, alipokuwa akipanda gari la daktari wa misheni kwenda kuzalisha, alikuwa na tamaa moja tu: gari la zamani la Kiingereza, viti vya ngozi, dashibodi ya mbao. Sasa amepata na sababu! Akamchukua fundi wa magari, wakashuka Moshi mjini.

Gari la kwanza, lo! Jeupe kama gauni la kipaimara. Linang'aa mpaka unaweza kufunga kilemba ukijitazama ubavuni mwake. Mwenye gari akageuza ufunguo mara moja, injini ikanong'ona. Mama Ndeshi akaingia, akavuta gia, gari likateleza lenyewe kama maji ya mfereji. Akapiga honi. Akapiga na kigelegele!

"Fundi, ni hili! Tusihangaike tena!"

Lakini fundi, kabla ufunguo haujageuzwa, alikuwa ameweka kiganja chake juu ya boneti. Akamwuliza mwenye gari, "Kaka, kabla hatujaja, leo ulitoka nalo?"

"Wala! Lilikuwa halijasogea hapa tangu juzi. Lilikuwa linamsubiri mama."

Fundi akamgeukia Mama Ndeshi. "Mama, twende kwanza tukalione na lile la pili."

Mama Ndeshi alinuna njia nzima, na alipoliona hilo la pili akazidi kununa. Nalo lilikuwa la Kiingereza, nalo otomatiki, lakini rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa iliyolala, na mlango umeanza kutu. Mwenyewe, Mzee Kileo, karani mstaafu, akaanza kulichongea gari lake mwenyewe.

"Kioo hiki hakishuki. Chini linadondosha oili. Si nyingi, ila linadondosha. Na asubuhi za baridi hukohoa mara mbili ndipo liwake. Nisikufiche, mama."

Mama Ndeshi akamnong'oneza fundi, "Huyu anauza gari au anaungama?"

Walipotoka, fundi akamwambia, "Mama, ile boneti nyeupe ilikuwa inachoma. Walilipasha moto kabla hatujafika, ndiyo maana liliwaka kirahisi vile. Sasa nikuulize. Mwenye uchungu atakupa taarifa ili upashe gari kwanza? Jumatatu alfajiri tuyatembelee yote mawili, bila kupiga simu."

Jumatatu ikafika, umande bado uko majanini. Wakabisha hodi kwa mwenye gari jeupe. Akatoka na taulo shingoni, uso umemshuka. "Jamani, si mngenipigia?" Akageuza ufunguo. Kwe-kwe-kwe. Kimya. Akageuza tena. Kwe… kwe… Mara ya tatu hata hiyo kwe haikusikika.

Mama Ndeshi alikuwa bado analipenda, masikini. Akapandisha mikono ya sweta. "Tulisukume!"

"Mama," fundi akasema taratibu, "otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Liwake lenyewe, au lisiwake."

Wakaenda kwa Mzee Kileo. Wakamkuta yuko kwenye migomba yake, akanawa tope, akaleta ufunguo. Gari likakohoa mara moja. Likakohoa mara ya pili. Kisha likanguruma, ndugu zangu, kuku wakatawanyika! Mama Ndeshi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Wiki ile ile gari hilo la rangi ya chai lilipanda mlima naye, likamfikisha kwa mama wa mapacha kabla mtoto wa kwanza hajatokeza kichwa.

Mnadhani nimewaletea habari za magari? Wewe uliyekaa hapo mbele, leo asubuhi ulijipasha moto dakika ngapi kabla ya kuingia mlango huu? Nyumbani umemfokea mkeo, njiani umemnunia jirani, ukafika hapa, kwaya ikakupasha, na sasa unanong'ona kama injini mpya! Jumapili saa nne sisi sote tunang'aa. Nani hawezi?

Lakini Mungu hatupigii simu kwanza. Anakuja tukiwa baridi. Anakuja pale mgeni mwenye njaa anapobisha nawe umechelewa kazini. Anakuja pale aliyekukosea anapokupa mkono sokoni, ghafla, mbele ya watu. Hapo ndipo ufunguo unapogeuzwa. Nasi tumezoea kusukumwa! Mke atusukume tuombe, mzee wa kanisa atusukume tusamehe, mchungaji atusukume tutoe. Ndugu zangu, moyo hauwaki kwa kusukumwa na jirani.

Mimi mwenyewe ninakohoa. Nawaambieni wazi, asubuhi nyingine ninakohoa zaidi ya mara mbili. Afadhali tukohoe na tukiri kwamba tunakohoa, lakini tuwake, kuliko kung'aa huku tumezimika.

Kesho ni Jumatatu. Tutawaka?