Kwa Nini Visima vya Pongweni Vina Chumvi

Wageni wanaotembelea kaunti yetu huipenda mara moja. Husifu vilima vya kijani vya upande wa bara, husifu fukwe, na zaidi husifu mji wa Pongweni usiojua kulala kwa ngoma na vicheko. Kisha hunywa maji ya kisima, wakakunja uso. Hapo kale wasingekunja. Maji hayo yalikuwa matamu kuliko ya dafu.

Utamu huo aliuleta Bi Mbodze wa vilimani, ambaye bintiye wa pekee, Mejuma, aliolewa mjini. Kila mwaka mama alishuka kumtembelea, kichwani kabeba mtungi wa maji ya chemchemi. Mejuma alimpokea mtungi mlangoni kwa mikono miwili, wakaenda kuyamimina kisimani, na visima vyote vya mji vikawa vitamu hadi mwaka mwingine. Mwiko ulikuwa mmoja tu: mtungi usiwekwe chini kabla binti hajaupokea.

Mwaka mmoja mama alifika siku ya harusi ya wifi yake Mejuma. Nyumba ilifurika watu, ngoma imepamba moto, na Mejuma ameketi kati ya mashoga zake, hina mbichi imemtambaa hadi viwikoni.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, mama! Ngoja kidogo, hina haijakauka."

"Mtungi mzito, mwanangu, na jua kali."

"Nikiugusa itaharibika. Sasa hivi nakuja."

Alijua uzito wa mtungi ule, tena alijua vizuri. Lakini shoga mmoja aliisifu mikono yake, naye akacheka, akaigeuza ili wengine waione. Hodi ya pili ilikuja kwa sauti ndogo. Ya tatu hakuisikia, au alijifanya hakuisikia. Mwenyewe hakuweza kusema kweli hadi anakufa.

Alipotoka, mlangoni hapakuwa na mtu. Akakimbia hadi vilimani, akamkuta mama ameketi kando ya chemchemi, mtungi mtupu.

"Umenikasirikia, mama?"

"Wala. Shingo ilichoka tu, mwanangu, nikautua."

Bi Mbodze hakushuka tena, na kabla masika hayajarudi walimzika. Mejuma, kwa majuto, aliujaza mtungi mwenyewe, akaubeba hadi mjini, akasimama mlangoni pake na kupiga hodi. Ndani hamkuwa na binti wa kuupokea. Aliyamimina maji kisimani hivyo hivyo, akayaonja, akalia.

Na tangu siku hiyo visima vya Pongweni vina chumvi. Na tangu siku hiyo mwanamke wa mji huu akisikia hodi huinuka alivyo, akampokea mgeni mzigo kwanza. Basi ukimwona mmoja wao hina imemvurugika viganjani, usimcheke. Ametembelewa na mama yake.