Fundi Aliyeandika Kurasa Kumi na Moja

Wapendwa, kabla sijawaomba mfungue Biblia, niwape habari za fundi mmoja wa programu za kompyuta, tumwite Ezroni. Alitengeneza programu ya kulinda chanjo. Unaiweka kwenye kompyuta ya zahanati, unaiunganisha na kipimajoto kilichomo ndani ya friji, na friji likianza kupata joto, nesi anapata ujumbe kwenye simu. Akaitoa bure. Kazi njema kabisa.

Sasa, programu kama hiyo huwa na faili la maelezo linaloitwa Nisome. Ndilo mgeni analolifungua kwanza. Ezroni akaandika Nisome ya kurasa kumi na moja. Akaeleza jinsi wazo lilivyomjia akiwa anaoga. Akamshukuru mama yake, mwalimu wake wa hesabu na kwaya ya vijana. Akaweka na picha yake amevaa tai. Mnacheka? Subirini.

Huko milimani kulikuwa na nesi, mama mtu mzima, jina lake Tuponile. Akaipakua programu hiyo, akavaa miwani, akasoma kurasa zote kumi na moja, akaiweka kwenye kompyuta, akaenda kuhudumia wajawazito. Siku ya tatu umeme ukasumbua, friji likapata joto, na simu yake kimya. Ni Mungu tu, alifungua friji kuchukua chanjo ya mtoto, akaona halina baridi. Akahamishia chupa zote kwenye boksi la barafu, kisha akampigia Ezroni.

Ezroni akamuuliza kama ameisoma Nisome, kwa ile sauti ya mtu aliyechoka kuuliza hivyo.

"Nimesoma yote, mwanangu," Tuponile akamjibu. "Mama yako sasa namfahamu kuliko wifi yangu. Nilichokosa ni mahali pa kuweka namba yangu ya simu."

Ezroni akaipitia Nisome yake. Hakuwa ameandika. Kwake lilikuwa jambo la wazi mno. Lakini kama namba aliyoiweka mwenyewe alipokuwa akiijaribu haikubadilishwa, programu ilikuwa ikimtumia nani ujumbe? Akaangalia simu yake. Jumbe arobaini na tatu: friji lina joto, friji lina joto. Alidhani ni matangazo ya biashara, akazima mlio tangu ule wa pili.

"Mama," akasema, "friji lako lilikuwa linaniita mimi. Nisamehe."

Tuponile akamsamehe, akamtaka amweleze taratibu cha kufanya. Akaandika mistari minne nyuma ya boksi la glovu, akamsomea. Ezroni akaichapa vilevile, akaiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza. Picha ya tai akaifuta. Shukrani kwa mama zikahamia mwisho, na mama hakulalamika.

Haya, na sisi? Mtu akiingia mlango ule kwa mara ya kwanza, tunampa nini? Historia ya jengo. Majina ya kamati. Salamu nusu saa, na mimi mchungaji wenu nikiwa kinara. Nani amemwambia akae wapi, au akitaka kuombewa amwone nani? Tunasema mambo yako wazi. Yako wazi kwa nani? Kwetu tuliozaliwa humu!

Ibada ikiisha leo, tafuta sura usiyoijua. Usianze kumweleza habari zako. Muulize amekuja kutafuta nini, kisha, ndugu yangu, nyamaza umsikilize.