Telezi Aliyejifanya Mtani wa Kenge

Hapo zamani za kale, wanangu, kenge walipokuwa wakijenga nyumba na kuandaliana matanga, palikuwa na mjusi wa mawe aitwaye Telezi. Ngozi yake iling'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Vidole vyake vilikuwa vyembamba, vyenye kucha.

Mwaka ule jua liliwaka hata panzi wakahama. Telezi akalitazama tumbo lake.

"Ewe tumbo," akasema, "umebaki jina tu."

Ikaja habari kwamba Kenge amefiwa na mjomba wake, na matangani kuna kumbikumbi wa kukaanga, akiba ya masika yaliyopita, kapu tele. Tatizo ni moja: Kenge alikuwa akila mijusi. Waliosalimika ni mijusi wa ukutani peke yao, wale wanaotembea darini usiku wakila mbu, kwa kuwa ukoo wao ni watani wa Kenge tangu enzi za mababu. Na mtani, wanangu, haliwi. Huja msibani, humtania mfiwa, hula kwanza, wala haulizwi.

"Wao mijusi, nami mjusi," Telezi akawaza. "Wao wana miguu minne, nami sijapunguza hata mmoja. Kenge ataona wapi tofauti?"

Akagaagaa jivuni mpaka ngozi ikafifia, akaenda, papi-papi-papi.

"Hodi, mtani!"

Kenge akatokea mlangoni. Ulimi wake ukatoka, fyu! ukarudi.

"Karibu... Hebu ngoja. Watani wangu huja usiku. Wewe unakuja na jua?"

"Njaa haina saa, Bwana Kenge. Mimi ndiye mlafi wa ukoo. Wenzangu wananionea haya, hawataki kuongozana nami."

Kenge akainama. "Ala! Umepepesa! Watani wangu hawana kope. Jicho likiingia vumbi, hulilamba."

Telezi akatoa ulimi. Ukafika puani, ukakwama.

"Umeona, Bwana? Mama aliniambia, 'Mwanangu, hata kujilamba huwezi, utaoa vipi?' Na hizi si kope, ni uvimbe. Nimemlilia mjomba wako tangu jana."

Wafiwa wakacheka. Kenge hakucheka.

"Na vidole? Watani wangu wana vidole bapa, vinaganda popote. Vyako kama vijiti vya kuchokolea meno."

"Vilikuwa bapa, Bwana. Njaa imevila."

"Haya, panda ukuta utembee darini, tuone."

Telezi akaparamia ukuta kwa kucha, kwaru-kwaru-kwaru. Akafika darini. Akanyoosha mguu mmoja, akanyoosha wa pili... Pu! Akaangukia ndani ya kapu la kumbikumbi.

"Kwetu wananiita Embe Bivu," akasema, mdomo umejaa. "Nikipanda, kila mtu hukinga mikono."

Kenge akacheka mpaka mkia wake ukagonga mlango. "Lo! Mwacheni ale, huyu mtani wangu!"

Telezi akala. Jua likashuka. Moyo ukamwambia, "Ondoka, wenyewe wanakuja." Tumbo likajibu, "Bado mmoja." Na mnajua, wanangu, moyo na tumbo vikibishana, tumbo ndilo lenye sauti.

Giza likaingia. Tche-tche-tche! Mjusi wa ukutani aitwaye Gandari akateremka kutoka darini, kichwa chini, miguu juu.

"We Kenge! Mdomo kama koleo! Mjomba amekufa kweli, au umemmeza ukatuita tukufichie siri? Toka kwenye mkeka huo, nikae mimi!"

Kenge akacheka, akampisha. Kisha kicheko kikamkauka. Akageuka polepole.

"Wewe wa kapuni. Tangu mchana umeyatukana macho yako, ukavitukana vidole vyako, mpaka na mama yako ukamleta akutukane. Mimi hujanigusa hata kwa neno moja. Mtani gani huyo anayekuja kwangu kujitukana mwenyewe?"

Telezi akameza kumbikumbi aliyekuwa mdomoni. Akatafuta tusi. Akatafuta tena.

"Bwana Kenge," akasema, "mkia wako... ni... ni mzuri sana."

Gandari akajifunika uso.

Kenge akaruka. Chap! Meno yakanasa mkia wa Telezi. Telezi akajikaza, kwacha! Mkia ukakatika, naye akapenya chini ya mlango, papi-papi-papi. Nyuma yake mkia ukawa unarukaruka mkekani peke yake kama mgeni aliyekosa kuagwa.

"Gandari," Kenge akauliza, "mkia huu ni wa mjusi gani hasa?"

"Sote hukata mkia tukikamatwa, mtani. Ingekuwa ngozi au vidole, ungemtambua mwenyewe, lakini mkia ni mkia tu." Gandari akaugeuza kwa kidole bapa. "Ninachoweza kukwambia ni kwamba huu ni wa mjusi aliyeshiba."

Telezi akafika kwenye mawe yake, akajilaza chali, akapapasa nyuma, kisha akapapasa mbele.

"Haya, Embe Bivu," akajiambia. "Umeingia na mkia bila tumbo, umetoka na tumbo bila mkia."

Sura huazimwa kwa jivu, wanangu. Mazoea ya nyumba ya watu hayaazimwi.