Mwenye Gazeti na Muuza Karanga

Mtu mmoja alikuwa na gazeti. Simaanishi nakala ya kusoma na kuweka kando. Alikuwa na gazeti lenyewe, na mtambo wa kulichapa, na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya stendi ya mji wao ambamo kazi yote ilifanyika. Jina lake Anzuruni. Gazeti lilitoka kila Jumatano, na katika mji ule jambo lisilochapwa humo lilihesabiwa kuwa halijasemwa. Mkutano wa maji, msiba, matokeo ya mtihani, mnada wa ng'ombe, vyote vilipita kwa Anzuruni.

Katika mji huohuo aliishi mwanamke aitwaye Bi Hidaya. Alikuwa ameuza karanga za kukaanga sokoni kwa miaka kumi na saba, mahali pamoja, kati ya fundi cherehani na muuza ndoo. Hakuona tangu alipougua surua utotoni. Lakini shule alisoma, na maandishi ya nukta nundu aliyapitia kwa vidole haraka kuliko wengi wetu tunavyosoma kwa macho. Nalitaja hilo kwa sababu watu hupenda kudhani kwamba asiyeona hasomi. Anasoma. Ulizeni kwanza amepewa nini cha kusoma.

Sasa sikilizeni jinsi gazeti lile lilivyotengenezwa. Kila Jumanne alasiri, kabla ya mtambo kuwashwa, wasahihishaji wawili waliketi katika chumba cha nyuma. Mmoja alishika karatasi ya majaribio, mwingine maandishi ya asili. Yule wa kwanza alisoma gazeti lote kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, hata nukta na mkato, ili mwenzake akamate makosa. Ndiyo ilikuwa desturi ya nyumba ile tangu enzi za baba yake Anzuruni. Maana yake ni kwamba kila wiki gazeti zima lilisomwa kwa sauti ya binadamu, kabla hata mnunuzi mmoja hajaliona. Bi Hidaya alilijua hilo. Alipita kwenye uchochoro ule akitoka sokoni na karanga zake, na dirisha la chumba cha nyuma liliachwa wazi kwa sababu ya joto.

Siku moja akaenda kwa Anzuruni na ombi dogo. Aliomba aweke kigoda chini ya dirisha, akae asikilize. Kama kigoda ni usumbufu, basi msomaji aweke simu mezani irekodi, na Jumatano, gazeti likishatoka, rekodi itumwe kwa wale wasioona na wale wanaoona ukungu tu. Walikuwa kumi na mmoja mjini. Walikuwa wamehesabiana.

Anzuruni alifikiri. Akaona hatari: habari zikitoka dirishani Jumanne, Jumatano nani atanunua? Kuhusu rekodi ya Jumatano hakusema kitu, nadhani kwa sababu haikuwa na kasoro ya kusemwa. Wala hakutaka aonekane mtu asiye na huruma, na kweli huruma alikuwa nayo. Kwa hiyo akatoa uamuzi ambao mji mzima uliusifu: kila mmoja wa wale kumi na mmoja atapelekewa nakala ya gazeti kila Jumatano, mpaka mlangoni, bure. Dirisha akaamuru lifungwe.

Wiki iliyofuata picha ikatoka ukurasa wa mbele, Anzuruni akimkabidhi Bi Hidaya nakala yake ya kwanza. Katika picha ile Bi Hidaya amelishika gazeti kichwa chini miguu juu. Mpiga picha aliona. Anzuruni aliona. Hakuna aliyemwambia, ili wasimfedheheshe.

Msinielewe vibaya. Anzuruni hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya tungejua la kumfanya.

Bi Hidaya alilifanyia gazeti lile kitu pekee alichoweza. Alilikata vipande, akavisokota kama pembe, akatia karanga. Wenzake wasioona nao wakawa wanamletea nakala zao, kwa kuwa wao hata karanga hawakuwa nazo za kufunga. Wateja walipenda, maana walikula huku wakisoma. Ukitazama kwa haki, mji mzima haukuwa na mtu aliyelifikisha gazeti la Anzuruni kwenye mikono mingi kama yeye.

Ikafika Jumanne moja, wasahihishaji wakakutana na tangazo katika ukurasa wa saba. Soko litabomolewa. Soko jipya lina vizimba themanini vya kuuzia. Kila mfanyabiashara wa soko la zamani afike mwenyewe ofisi ya soko kuandikishwa, mwisho ni Ijumaa ya wiki inayofuata. Asiyefika, nafasi yake atapewa mwingine. Tangazo lile lilisomwa kwa sauti mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza tarehe ilikutwa na kosa. Bi Hidaya alikuwa anapita uchochoroni na beseni lake kichwani. Alisikia kwamba kuna mtu anasoma. Maneno hayakupenya kioo.

Kwa siku tisa alifungia watu karanga katika ukurasa ule. Wafanyabiashara wenzake walinunua, wakala, wakasoma, wakapangusa mikono, wakaenda kujiandikisha. Hakuna aliyemficha. Kila mmoja alidhani anajua, kwa kuwa tangazo lilitoka mkononi mwake.

Jumatatu iliyofuata, fundi Lupimo wa cherehani, jirani yake wa miaka yote, alimwuliza huku anatafuna.

"Bi Hidaya, wewe umeangukia namba ngapi? Mimi thelathini na moja, karibu na choo. Nimekoma."

"Namba ya nini?"

"Ya kizimba. Acha mizaha, bibie."

"Kizimba gani, Lupimo?"

Fundi akaacha kutafuna. "Si wewe ndiye uliyetufungia tangazo? Langu lilitoka zima, hata muhuri ulionekana. Nikasema huyu mama katukatia makusudi ili tusome."

Bi Hidaya akafunika beseni, akamwomba Lupimo ampeleke ofisi ya soko.

Afisa wa soko alikuwa mstaarabu. Alimpa kiti. Alifungua daftari, akapitisha kidole, akakuta vizimba vyote themanini vina wenyewe. Alimweleza kwa upole kwamba utaratibu umefuatwa, kwamba tangazo lilitolewa siku tisa kabla ya mwisho wa kujiandikisha, na kwamba ofisi inafahamu yeye hupelekewa gazeti mpaka mlangoni, upendeleo ambao wafanyabiashara wenye macho hawaupati. "Sasa mama, tukutangazie mara ya pili wewe kama nani?"

Bi Hidaya akasema, "Ya kwanza ilikuwa lini?"

Daftari la afisa halikuwa na mahali pa kuandika swali. Mbele ya kila jina palikuwa na safu mbili tu, Alifika na Hakufika. Akatia alama kwenye Hakufika, akalifunga. Soko likabomolewa Alhamisi ile. Fundi Lupimo alijitolea wagawane kizimba chake, lakini ofisi ikakataa, kwamba kizimba kimoja ni cha mtu mmoja. Tangu hapo Bi Hidaya anauza nje ya uzio wa soko jipya, juani, na mgambo humhamisha siku wanayojisikia.

Anzuruni alipopata habari alihuzunika sana. Akaagiza kuanzia sasa matangazo yote yachapwe kwa herufi kubwa maradufu. Sibezi, herufi kubwa zinamfaa mwenye uoni hafifu, na wawili kati ya wale kumi na mmoja walinufaika. Waliobaki wakaletewa herufi kubwa mlangoni, bure. Dirisha hakuligusa, na kila Jumanne gazeti zima linaendelea kusomwa kwa sauti nyuma ya kioo, kwa ajili ya watu wawili ambao tayari wanaona.

Mfano huu haufichi kitu. Soko lile ni nchi yoyote, na kizimba ni nafasi ya mtu ndani yake, iwe ni kura yake, au kiwanja chake, au kuokoka na dawa iliyotangazwa kuwa ina sumu. Gazeti la bure ni chochote tunachompa mtu ili tuseme tumempa. Waliokula karanga ni sisi, watu wema, tuliosoma tukanyamaza kwa sababu ilionekana wazi kwamba kila mtu anajua. Na dirisha wanalijua wenye magazeti. Kulifungua hakukuhitaji mtambo mpya wala mfadhili, kulihitaji mkono.

Daftari la soko bado linaonyesha kwamba kulikuwa na mmoja ambaye hakufika. Niambieni, basi, kati ya Bi Hidaya na tangazo lile, ni nani aliyepaswa kuwekewa alama hiyo?