Cheche, Aliyepiga Hodi Tumboni

Hapo zamani za kale, kabla mnyama yeyote hajaota mguu wala mkia, palikuwa na dimbwi. Msinitafutie simba humo, wala tembo. Viumbe wa dimbwi hilo walikuwa wadogo hata ukoo mzima ungeweza kukaa kwenye ncha ya sindano, na nafasi ya kuchezea ngoma ikabaki. Unacheka nini, Chiku? Ngoja kwanza.

Mkubwa wao alikuwa Bi Mumunye. Laini, mviringo, hana mfupa hata mmoja, na mwili wake ndio uliokuwa nyumba yake. Ukuta wa nje ulikuwa ngozi nyembamba iliyojua nani apite na nani abaki nje. Katika chumba cha ndani alifungia kitabu cha mababu, kilichoandikwa namna ya kujenga kila kitu cha nyumba ile. Na kwenye ushoroba alikaa Kinu, mtwangaji wake, na mfuko wake uliojaa maji makali kuliko ndimu. Kila kilichomezwa, Kinu alikitwanga. Takataka za nyumba, alizitwanga vilevile. Twa! Twa! Twa!

Bi Mumunye hakuwa na mdomo. Akipenda kitu, alikifunika gubigubi kwa mwili wake, basi, kimeshaingia.

Lakini alikuwa na mashaka makubwa. Siku hizo hewa mpya ilikuwa inaenea dimbwini, hewa kali, inachoma. Wengi walikufa. Bi Mumunye alikohoa kutwa, koho, koho! Na kula kwake kulikuwa kwa hasara, kwani tonge zima la sukari lilimpa nguvu mbili tu. Yaliyobaki aliyatupa nje yakiwa mabichi, yamechacha. Alikula, na njaa haikuondoka.

Siku moja akamwona Cheche. Mwembamba kama punje ya mchele, mwepesi huyo, pyuu huku, pyuu kule! Wenzake wanaikimbia ile hewa kali, yeye anaivuta na kucheka.

"Huyu wangu," akasema Bi Mumunye. Gubigubi!

Cheche akajikuta gizani, amevikwa ngozi ya Bi Mumunye juu ya ngozi yake mwenyewe, kama mtu aliyevaa kanzu mbili. Akasikia Kinu anakuja. Twa! Twa!

Mimi ningepiga yowe. Cheche hakupiga yowe. Alipiga hodi.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Na Bi Mumunye, kwa kuwa alilelewa akaleleka, akaitika bila kufikiri, "Karibu!"

Kinu akaacha kutwanga. "Bi mkubwa, umesema nini?"

"Aa! Neno limeniponyoka!"

"Shikamoo, mama," akasema Cheche kwa adabu zote.

"Marahaba," akajibu Bi Mumunye, kisha akajikunja kwa hasira. "Ebo! Nimejibu tena!"

"Basi nimekaribishwa, mama, na mgeni hatwangwi. Au kwenu wageni hutwangwa? Niambie tu, niwaulize majirani."

Bi Mumunye akaona haya. "Haya, wewe ni mgeni. Lakini mgeni siku mbili. Siku ya tatu..."

"Siku ya tatu mpe jembe!" Cheche akadakia. "Ndivyo walivyosema wakubwa. Hawakusema mpe mchi."

Kinu akafyonya. "Bi mkubwa, huyu atatuponza."

Siku mbili Cheche alikaa anatazama. Aliona matonge yanavyotupwa. Alisikia kikohozi. Siku ya tatu, kabla hajaitwa, akajitokeza mwenyewe.

"Nimekuja kuchukua jembe langu."

"Utafanya kazi gani, kijidudu kama wewe?" akauliza Bi Mumunye. "Ukishindwa, Kinu yupo!"

"Nitapika, mama. Nipe yale makombo unayotupa. Na unipe ile hewa inayokukohoza."

"Hewa ile? Itakuua!"

"Niachie mimi."

Sasa sikilizeni ufundi wa mtu. Tumboni mwa Cheche mlikuwa na mikunjo, mkunjo juu ya mkunjo, na kila mkunjo ni jiko. Akatia makombo. Akavuta hewa kali. Vuu! Moto ukashika, mtulivu, usiounguza hata ukuta. Kutoka tonge lile lile lililokuwa likitoa nguvu mbili, zikatoka kumi, zikatoka ishirini, zikafika thelathini! Na hewa kali ikaishia jikoni. Kikohozi kikakoma.

"Lahaula!" akasema Bi Mumunye. Akazunguka dimbwi zima mara tatu kabla ya kuchoka. Mimi kila nikifika hapa humvulia kofia kijidudu yule.

Cheche akazaa. Akajigawa, wakawa wawili, wakawa wanne, mpaka kila kona ya nyumba ikawa na jiko. Bi Mumunye akanenepa, na kwa kunenepa akasahau.

"Bi mkubwa," Kinu akamnong'oneza, "mgeni gani huyu anazaa ndani ya nyumba ya watu? Nguvu ni zako. Niruhusu niwatwange wote."

"Kweli, nguvu ni zangu," akasema Bi Mumunye. "Twanga."

Twa! Jiko moja likazimika, na kona moja ya nyumba ikapoa. Twa! Twa! Bi Mumunye akataka kusogea, akashindwa. Takataka zikarundikana ushorobani, hakuna wa kuzibeba. Kinu akainua mchi mara nyingine. Ukamshinda uzito!

"Mama wee! Mfuko wangu unavuja!" akalia Kinu. Maskini, hakujua kwamba siku hizi hata nguvu ya kuushika mfuko wake ilitoka jikoni kwa Cheche. Maji yakamwagika, yakaanza kuila nyumba yenyewe. Chwaa!

Mlangoni mwa chumba cha ndani alibaki Cheche mmoja, yule yule wa kwanza.

"Mama," akauliza taratibu, "nani anakupikia?"

Bi Mumunye akalia. "Umenidanganya! Uliomba jembe, ukachukua jiko lote. Sasa ukiondoka, nakufa."

"Ujanja niliufanya, sikatai. Ulikuwa unanila, mama! Lakini kuondoka siwezi. Kitabu changu cha kujijengea nimekihamishia kwako chumbani, kurasa nyingi mno. Nimebaki na kijikaratasi tu. Nikitoka humu, nami nakufa."

Bi Mumunye akachungulia. Kweli, kurasa za mgeni zimeshonwa pamoja na za mababu.

"Kinu!" akaita kwa sauti iliyobaki. "Weka mchi chini. Kuanzia leo utamtwanga Cheche aliyechakaa tu, ambaye moto wake unatoa moshi. Mzima usimguse. Huyu si mgeni tena."

"Ndiyo, bi mkubwa," akasema Kinu, anaushona mfuko wake.

Cheche akajigawa upya. Vuu! Vuu! Kona zikapata joto.

Shuleni mtaambiwa nyumba ile ni seli, hewa ile kali ndiyo hii tunayoivuta, na Cheche mtaambiwa ni mitokondria. Mtaambiwa pia kwamba wapo watu ambao Cheche wao wanapika kwa shida, wakachoka bila kukimbia, misuli ikalegea, macho yakafifia. Msiwaite wavivu. Jiko lao linaumwa.

Sasa Chiku, weka kiganja shingoni. Pana joto? Huo ni moto wa Cheche. Ulipewa na mama yako, naye akapewa na bibi yako, na bibi na mamaye, mpaka dimbwini kule. Baba yako nampenda sana, lakini humo hakutia hata kaa moja.

Hadithi yangu imeshaiva, naiepua: mdogo akipiga hodi usimpime kwa kimo, huenda ndiye aliyebeba moto.