Matone Aliyekatazwa Kuitika

Paukwa!

— Pakawa!

Nakuja na ngano.

— Njoo nayo, tumekaa kitako.

Nakuja nayo, ina kilio ndani.

— Njoo nacho, tutakubebea.

Haya basi. Na wewe unayetafuna muwa hapo nyuma, tafuna polepole, nataka tusikilizane.

Hapo zamani za kale, kuku walikuwa na shule yao. Shule yenyewe ilikuwa uwanja wa mchanga chini ya mwarobaini. Mwalimu wao alikuwa Jogoo, mwenye upanga mwekundu kichwani na maringo yake. Kila asubuhi Jogoo aliwapanga vifaranga mstari, akaita majina. Kila aliyeitwa aliitika, "Nipo!" Ndivyo siku ilivyoanza katika shule ile.

Mwaka mmoja nyika iliungua. Kanga mmoja akaukimbia moto yeye na binti yake, wakahamia kando ya mji wa kuku. Binti aliitwa Matone, maana manyoya yake yalijaa madoa meupe kama aliyerushiwa maziwa.

Watu husema mgeni ni kuku mweupe. Kwa kuku wenyewe, mgeni alikuwa kanga. Kila jicho lilimwona.

Mama yake akamwambia, "Mwanangu, hapa tumepokewa tu. Wakikwambia kaa, kaa. Wakikwambia nyamaza, nyamaza. Tukifukuzwa hapa hatuna pa kwenda."

"Sawa, mama," akasema Matone.

Akaenda shule. Jogoo akaita, "Matone!"

"Nipo! Kre-kre-kre!"

Sauti ya kanga mnaijua. Ni kama mlango wa bati unaofunguliwa kwa nguvu. Vifaranga wakacheka hata wakagaagaa mchangani. Jogoo naye akacheka. Kisha akasema, "Wewe kesho usiitike. Nitakuona kwa macho."

Matone akanyamaza. Hiyo ya kwanza.

Wakati wa mchezo vifaranga wakamzunguka, wakamwimbia. Na nyinyi msiufuate wimbo huu, usikieni tu:

*Surua huyo, surua,*
*mpisheni, mpisheni!*
*Atatupa madoadoa,*
*mpisheni, mpisheni!*

Wakampisha kweli. Alipokwenda huku, walikwenda kule. Aliposogea kunywa maji, walisema maji yamechafuka.

Ikaja siku ya kuimba mbele ya wazazi. Matone alikuwa ameujua wimbo wote, neno kwa neno. Jogoo akamwambia, "Wewe simama nyuma, upanue mdomo tu, sauti usitoe. Utatuharibia." Matone akasimama nyuma, akapanua mdomo, sauti hakutoa. Mama yake alikuwa palepale, akimtazama.

Hiyo ya pili.

Sasa, palikuwa na kifaranga mmoja mdogo kuliko wote, aliyeitwa Chenga, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama chenga ya mchele. Chenga ndiye pekee aliyekaa karibu na Matone. Matone akamuuliza, "Wewe huogopi surua?"

Chenga akasema, "Nimekugusa tangu juzi, mbona sijapata hata doa moja? Na mimi nilikuwa nayataka."

Matone akacheka. Ndiyo mara yake ya kwanza kucheka shuleni.

Jioni Chenga alimhadithia mama yake. "Mama, leo tena wamemwimbia Matone. Mama, leo tena Mwalimu amemnyamazisha."

Mama Chenga, huku akichakura, akajibu, "Ya shule waachie wa shule, mwanangu. Tusije tukaonekana sisi ndio wenye maneno." Akaendelea kuchakura.

Siku moja, katikati ya somo, Matone alitazama juu akaona kivuli. Kanga wana jicho la mbinguni, hawamsahau mwewe. Akapiga kelele, "Kre-kre-kre! Kre-kre-kre!" Vifaranga wakatawanyika, wakaingia vichakani. Mwewe juu akaona ameonwa, akageuza, akaenda zake.

Jogoo alipotazama mbingu, hakuona kitu. Akavimba. "Umetutia hofu bure! Kelele za nyika uziache nyika. Nikikusikia tena, wewe na mama yako mtafunga virago!"

Vifaranga wakaimba: *Surua huyo, surua, mpisheni, mpisheni!*

Hiyo ya tatu. Tangu hapo Matone hakusema hata neno moja shuleni. Hata na Chenga alizungumza kwa kutikisa kichwa.

Jamani, msinikatize sasa.

Mwewe akarudi. Chenga alikuwa anaoga mchanga uwanjani, macho amefumba, jua linampiga vizuri. Matone alikuwa kando, mahali pake pa peke yake. Akaona kivuli kinashuka.

Akafungua mdomo. Akamkumbuka Mwalimu, akaufunga.

Akafungua mdomo. Akakumbuka virago, akaufunga.

Akafungua mdomo. Akamkumbuka mama yake, akaufunga, akatimua mbio kwenda kumsukuma Chenga kwa kifua chake. Lakini mbio za mtoto na mbawa za mwewe, wapi na wapi? Alipofika alikuta unyoya mmoja, nao bado unazungukazunguka hewani.

Chenga akaenda hivyo.

Kuku wote wakakusanyika. Vilio vikajaa. Kisha mmoja akasema, "Huyu kanga aliona, kwa nini hakupiga kelele?" Mwingine akasema, "Mwewe na kanga wametoka nyika moja. Ndiye aliyemleta!" Wakaanza kumsogelea Matone kwa midomo. Loo! Kuku hao hao waliomfunga mdomo, sasa wanamdai sauti!

Mama Chenga akapita katikati yao. Akasimama mbele ya Matone.

"Mwalimu," akasema, "nani alimkataza mtoto huyu kuitika jina lake?"

Jogoo kimya.

"Nani alimweka nyuma apanue mdomo bila sauti?"

Jogoo kimya.

"Na siku ile alipotuonya, nani alimtishia virago?"

Jogoo akainamisha upanga wake mpaka ukagusa mchanga. Akasema, "Ni mimi."

"Na mimi nimo," akasema Mama Chenga. "Mwanangu aliniambia kila jioni, nami nilikuwa nachakura." Hapo akalia.

Basi wakaketi kuku wote palepale mchangani, wakubwa kwa wadogo. Kifaranga mmoja akasimama, akasema, "Mimi ndiye niliyeutunga ule wimbo." Mwingine akasema, "Mimi nilimfukuza kwenye maji." Mama mmoja akasema, "Neno surua mwanangu alilitoa nyumbani kwangu." Walisema hivyo hadi kila mmoja akawa ametoa lake. Kisha wakageuka kumwomba radhi Matone.

Hawakumkuta. Alikuwa amepanda juu ya mwarobaini.

Asubuhi Jogoo akaita majina. Alipofika kwa Chenga akaita, maana mama yake aliomba aitwe. Kimya. Akaita, "Matone!" Kimya. Akangoja. Hakuna aliyecheka. Ndipo akaita jina linalofuata.

Kesho yake vilevile. Vuli ikaja ikapita. Bata akaja shuleni, akaitika kibata. Njiwa akaja, akaitika kinjiwa, na Jogoo akasema, "Vizuri, nimesikia." Ule wimbo hakuna aliyeuimba tena, aliyejaribu alikatazwa na wenzake kabla ya Mwalimu. Na kila asubuhi, "Chenga!" Kimya. "Matone!" Kimya.

Mpaka asubuhi moja Jogoo akaita, "Matone!" na juu ya mti kukatoka, "Nipo! Kre-kre-kre!"

Sauti ikafika mtoni ikarudi. Jogoo akashindwa kuita jina linalofuata.

Mama Chenga alikuwa njiani, ungo wa pumba kichwani. Akasimama. Akasikiliza mpaka mwangwi ukaisha.

"Kumbe sauti hii ilikuwa na nguvu hivyo," akasema. Akautua ungo chini, akakaa kando yake.

Ndiyo maana hata leo kanga hula na kuku mchana, lakini jua likizama hapendi kuingia bandani. Hupanda mti. Ameshasamehe, ila mtini ndiko anakolala.

Na msije mkasema funzo ni kumpenda kanga kwa kuwa anamwona mwewe. Hapana! Hata angekuwa haoni hata pua yake, alikuwa mtoto, ameitwa jina, alistahili kuitika. Funzo ni hili: ukimcheka mwenzio kwa rangi yake na sauti yake, umetenda ubaya, na ukimwona anachekwa ukaendelea kuchakura, umetenda nao. Radhi iombwe mapema, mwenye kuombwa akiwa bado yuko chini.

Kilio changu nimekitua. Mkiona ndani yake neno jema, gawaneni mwende nalo shuleni. Mkiona baya, nirudishieni mwenyewe, nikalale nalo.